Chandarua Chenye Mlango

Jina la Fundi Pindo hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, kwa sababu nguo haikuwahi kutoka mikononi mwake bila pindo la rangi nyingine. Ukimpelekea suruali ya kazi aipunguze urefu, ingerudi na utepe mwekundu umeshonwa kiunoni kwa ndani. Ukimuuliza wa nini, angekujibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Huo ni wako wewe unayevaa. Wengine hauwahusu." Watu walinung'unika, kisha wakarudi na nguo nyingine, maana mshono wake haukufumuka, na kumsubiri kibarazani kulikuwa na raha kuliko kwenda kutembea.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na pini amezichomeka kifuani kama nishani za askari aliyeshinda vita vingi. Nyuma ya kibanda chake cha kazi ndiko kulikokuwa nyumbani. Huko aliishi na mkewe, mpishi wa shule ya msingi, na binti yao mdogo, kitinda mimba. Aliishi pia na mama mkwe, aliyekuja kumtazama mjukuu alipozaliwa na tangu hapo hajamaliza kumtazama. Vyumba vilikuwa viwili tu. Kimoja cha wenye nyumba, na cha pili bibi na mjukuu walilala kitanda kimoja, wamezungukwa na majora ya vitambaa, pasi ya mkaa na cherehani bovu ambalo fundi aliapa angelitengeneza siku moja.

Mwaka ule mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Mitaro ikafurika, madimbwi yakageuka kuwa vitalu vya mbu, na zahanati ikajaa watoto wenye malaria. Watu wa afya wakapita nyumba kwa nyumba wakigawa vyandarua vyeupe vilivyotiwa dawa. Kila mtu alipokea kwa mikono miwili na akashukuru. Baada ya hapo vyandarua vikaenda kutafuta maisha. Kimoja kikaezeka banda la vifaranga. Kingine kikawa wavu wa goli uwanjani, na kipa akajisifu kwamba sasa hata mbu hapiti. Vingi vilibaki kabatini ndani ya mifuko yake, vikimngoja mgeni wa heshima.

Ndipo akaja dada mmoja kutoka kituo cha utafiti. Kazi yake ilikuwa kutafuta jibu la jambo linaloumiza kichwa: kila nyumba ina chandarua, mbona malaria haipungui? Akawa anapita akiuliza. Mnalala ndani yake? Kila siku? Na watoto je? Mtaa ukambatiza Dada Maswali. Watu walimpenda, wakampa kiti chenye mto, kisha wakamdanganya kwa adabu zote.

"Kila siku, dada. Bila hicho hatupati usingizi," wangesema, na wakati huohuo kuku anatetea uani ndani ya chandarua chenyewe.

Mambo yaliharibika, au tuseme yalitengenea, siku ya harusi.

Mama mwenye duka la sabuni alikuwa akimwoza bintiye. Alifika kwa Fundi Pindo na furushi jeupe kwapani. "Nataka shela," alisema. "Ndefu. Bibi harusi awe ameshafika mbele, shela bado inaingia mlangoni."

Fundi alikishika kitambaa, akakinusa. "Hiki kinanuka dawa, mama."

"Ni harufu ya upya."

Vidole vya fundi cherehani havidanganyiki kirahisi, na vyake vilijua mara moja kile walichokishika. Lakini kitambaa kiliteremka vizuri mno, kilimwagika mezani kama maziwa, na tamaa ya ufundi ikamzidi nguvu. Akashona. Akatia pindo la uzi wa fedha pande zote. Mkewe alipoona alisema, "Hapo kuna kesi," akaenda zake kazini.

Siku ilipofika bibi harusi aliingia, na ukumbi mzima ukanyamaza. Hakufika hata katikati, machozi yakaanza kumtiririka. Pua nayo ikafuata. Mashavu yakamwasha mpaka akawa anatembea kichwa amekiinamisha. Wageni waliguswa sana.

"Anawapenda wazazi wake, mtoto huyu," alisema shangazi mmoja, naye akatafuta leso. Bwana harusi alipoona vile akashindwa kujizuia, akalia pia.

Dada Maswali alikuwa ameketi safu za mbele, kwani kufikia wakati huo alikuwa ameshakuwa mtu wa mtaa na hakuna aliyefikiria kutomwalika. Aliitazama ile shela ilipompita. Akaviona vile vitundu vidogo alivyovijua kuliko mistari ya kiganja chake. Akanyanyuka taratibu, akamnong'oneza mama mtu, "Mfunueni uso, mama. Kitambaa hicho kina dawa na hakijapigwa upepo."

Shela ikafunuliwa kabla ya wakati wake. Bibi harusi akanawa uso kwa maji mengi, akacheka, na harusi ikaendelea. Bwana harusi alisema baadaye kwamba hakuona sababu ya kulalamika, yeye alikuwa anangoja ifunuliwe tangu asubuhi.

Kesho yake Dada Maswali akatokea kibarazani kwa fundi. Fundi alipomwona alizima redio, akakunja mikono mapajani kama mtu aliye tayari kupigwa picha ya polisi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nilijua utakuja. Mke wangu aliniambia."

"Sikuja kukushtaki. Nimekuja kukuomba unisaidie. Mimi nazunguka mtaa mzima na karatasi, watu wananipa majibu mazuri. Wewe umekaa hapahapa, na wanakuletea vyandarua vyenyewe. Kwa nini hawavitundiki?"

Fundi alimtazama kidogo kama anayempima kwa macho, kisha akamsogezea kigoda. "Kwanza rangi," alisema. "Cheupe pe, kimeninginia juu ya kitanda. Mama mkwe wangu anakiita sanda. Anasema yeye hatajiviringisha mapema, watu wasije wakachanganyikiwa. Pili, kinafanya chumba kionekane wodi. Mtu amehangaika mpaka kapata kitanda cha mbao nzuri, halafu akifunike kama mgonjwa?"

Dada Maswali alitikisa kichwa. "Kituoni kwetu kuna waliopendekeza tuviandike maneno makubwa. 'Malaria inaua.'"

"Juu ya kitanda?"

"Juu ya kitanda."

"Dada yangu, nani atalala na mwenzake chini ya neno 'inaua'?"

Wakacheka wote wawili, na katika kicheko hicho wakapatana. Kituo kingeleta vyandarua vichache, fundi angevipamba, kisha waone kama watu watavitaka.

Fundi alianza kazi kwa bidii ya mtu aliyesamehewa. Lakini ile harufu ilimkera, na baada ya yaliyompata bibi harusi hakutaka lawama nyingine. Basi akakitosa chandarua cha kwanza kwenye sabuni ya unga ya kutolea madoa, akakifikicha kwa nguvu zote, akakianika juani mchana kutwa. Kilipokauka kilikuwa kinanukia kama shuka la hotelini. Akakitia pindo la bluu, akakipeleka kituoni mwenyewe.

Huko alikuta jambo ambalo hakulisahau. Walimwingiza kwenye chumba chenye joto, kimepangwa vizimba vya nyavu, na ndani ya vizimba kuna mbu. Wamefugwa. Mtunzaji wao, kijana mpole mwenye koti jeupe, alikuwa anawawekea pamba iliyolowa maji ya sukari.

"Mnawalisha?" fundi aliuliza.

"Wasipokula wanakufa, mzee."

"Mimi nilidhani hilo ndilo lengo."

Dada Maswali akamweleza. Hawa ni wa majaribio, hawana ugonjwa wowote. Kitambaa kinakatwa kipande, mbu wanawekwa juu yake kwa muda mfupi, kisha wanaangaliwa kesho yake. Fundi alirudi kesho yake kabla hata ya wafanyakazi kufika. Mbu walioguswa kwa kitambaa kipya walikuwa wamelala chali, miguu juu. Wale walioguswa kwa kitambaa chake walikuwa wazima wa afya. Mmoja alikuwa akisugua miguu yake ya nyuma kama mgeni aliyemaliza kula na kunawa.

"Ulikifua?" Dada Maswali aliuliza.

"Kilikuwa kinanuka."

"Na kukianika?"

"Juani. Nguo inaanikwa wapi kwingine?"

"Jua linaua dawa, fundi, na sabuni kali nayo inaiondoa. Kipya kinapigwa upepo kivulini, basi. Kikichafuka, kinafuliwa polepole kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini vilevile."

Fundi alirudi nyumbani, na mkewe alipomuuliza kulikoni alisema tu kwamba amewatengenezea mbu mahali pazuri pa kulala.

Safari ya pili hakufua kitu. Alitundika vyandarua kivulini nyuma ya nyumba, vikapigwa upepo, ndipo akavishona. Na hapo aliachia ufundi wote alionao. Mapindo ya zambarau, maua ya kitambaa pembeni, kamba za kutundikia zilizosukwa kwa rangi tatu. Vilipotolewa, mtaa ulipagawa. Waliokuwa wamevificha vyandarua vyao kabatini walivitoa haraka, wakapanga foleni kibarazani ili navyo vipambwe. Hata lile banda la vifaranga liliezuliwa. Fundi alitembea siku hizo kichwa juu, na Dada Maswali akapongezwa na wakubwa zake.

Kisha wakaenda kutembelea nyumba pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya mama mwenye duka la sabuni. Aliwakaribisha sebuleni, na fundi kabla hajaketi akaiona kazi yake. Ilikuwa dirishani. Chandarua kimegawanywa mara mbili, kimevutwa pande zote na kufungwa kwa tepe, ni pazia la kuvutia macho.

"Si pamependeza?" aliuliza mama.

"Pamependeza," alisema Dada Maswali kwa sauti ndogo. "Na nyinyi mnalala wapi, mama?"

"Chumbani."

"Na mbu?"

Mama alifikiri kwa uaminifu. "Mbu nao wanalala chumbani."

Nyumba ya pili, pazia. Ya tatu, kimefunika televisheni. Ya nne kilikuwa kitandani kweli, lakini kimekunjwa vizuri juu ya mito, na mwenye nyumba akasema hukikunjua wageni wakija. Walipotoka hapo Dada Maswali aliketi juu ya jiwe la njiani, akacheka mpaka akashika mbavu. Fundi hakucheka.

"Nimevifanya vizuri mno," alisema.

"Nitaandika kwamba vimependwa," alisema Dada Maswali akijifuta macho. "Siwezi kuandika kwamba vinatumika."

Katika pilikapilika hizo zote, nyumbani kwa fundi vyandarua vya familia vilikuwa bado kwenye kona, chini ya majora, vinangoja zamu yao. Kinyozi hajinyoi, na fundi naye alikuwa na kazi za watu. Adhuhuri moja binti yake alirudi kutoka shule ameegemea ukuta kila hatua. Mwili ulikuwa wa moto na meno yanagongana. Mama mkwe alimfunika kwa kila shuka lililokuwepo, fundi akambeba mgongoni mpaka zahanati, na zahanati wakampeleka hospitali kwa sababu alikuwa ameanza kuweweseka.

Mkewe alifika mbio kutoka shuleni, aproni bado iko kiunoni. Hakupandisha sauti. "Umevisha vitanda vya mtaa mzima," alimwambia mumewe koridoni. "Cha mtoto wako kiko uchi."

Kati ya maneno yote aliyowahi kuambiwa na mkewe, fundi alisema baadaye, hayo tu ndiyo yaliyomkata. Aliketi kwenye benchi, mikono yake mirefu imelegea, hajui pa kuiweka kwa kuwa haikuwa na kitambaa.

Mtoto alitundikiwa dripu, akapewa dawa, homa ikaanza kushuka. Mama mkwe ndiye aliyebaki kumuuguza. Wodi ile ilikuwa na vyandarua juu ya kila kitanda, vyeupe, vya kawaida, na yeye aliviangalia kwa jicho baya. Lakini kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja msemaji ajabu, aliyeanza kusimulia habari za mashemeji zake na hakuonyesha dalili ya kufika mwisho. Mama mkwe alivumilia. Aliitikia. Hatimaye alipanda kitandani kwa mjukuu wake, akashusha chandarua, akakichomeka chini ya godoro pande zote.

Yule jirani akanyamaza. Ilikuwa kama mtu amefungiwa mlango.

Fundi na mkewe walipokuja kuwatazama waliwakuta wamelala fofofo, bibi na mjukuu, mchana kweupe. Mtoto ndiye aliyeamka kwanza. Alikuwa ametulia na ana njaa. Mama mkwe alipofumbua macho hakutoka nje ya chandarua. Aliongea na mkwewe akiwa ndani humohumo, kama mtu anayezungumza dirishani kwake.

"Mwanangu," alisema, "tangu nije kwako sijawahi kuwa na chumba."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Sikulaumu. Nakwambia nilichokiona. Humu ndani hakuna pasi. Hakuna majora. Mtu akinitaka lazima aniite. Hiki ni chumba. Tatizo lake ni moja, ukitaka kutoka unatambaa kama mwizi. Kingekuwa na mlango ningeondoka nacho."

Fundi alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye. "Mlango," fundi alirudia, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto augue, mikono yake ikaanza kupima hewa.

Mtoto aliporudi nyumbani chandarua kilikuwa tayari. Pindo lilikuwepo, maana tabia haifi, lakini jambo kuu lilikuwa ubavuni. Huko fundi alipasua kitambaa kuanzia juu hadi chini, kisha akashona vipande viwili vipana vinavyolaliana, hivi kwamba mtu anapita na nyuma yake panajifunga penyewe bila mbu kupata mwanya. Mama mkwe aliingia, akatoka, akaingia tena. Kisha akatangaza sheria. Asiyebisha hodi haingii, hata kama ni mwenye nyumba.

Habari ikasambaa, na safari hii haikuwa ya urembo. Mtaa ule ulikuwa wa watu waliobanana. Kaka watatu kitanda kimoja, wifi na shangazi chumba kimoja, wanandoa na watoto wametenganishwa na shuka lililotundikwa kwenye kamba. Hakuna aliyekuwa amewahi kulisema waziwazi kwa mtafiti, lakini kila mtu alitamani mahali pa kufunga mlango. Dada mmoja aliyekuwa akisomea uuguzi alisema ndani ya chandarua chake ndimo wadogo zake hawamgusi. Mapazia yakashushwa madirishani yakashonewa milango. Mama mwenye duka la sabuni aliunganisha tena vipande vyake viwili, akatundika kitandani, na mumewe akasikika akibisha hodi.

Dada Maswali naye alikuwa amejifunza lake. Hakuuliza tena. Kwa ruhusa ya wenyeji alipita asubuhi na mapema, mlango kwa mlango, akaangalia tu. Watu walimwitikia salamu wakiwa ndani ya vyandarua, hawana haraka ya kutoka.

Msimu wa mvua uliofuata, kituo kiliitisha mkutano kwenye darasa la shule. Dada Maswali alieleza kwamba watu wanaolala ndani ya vyandarua wameongezeka sana, hilo ameliona kwa macho yake. Wagonjwa wa malaria nao wamepungua zahanati. Lakini mwaka huu mvua pia zimekuwa haba, kwa hiyo bado hawezi kuapa kwamba ni vyandarua ndivyo vilivyofanya kazi hiyo.

Fundi alinyoosha mkono. "Kwa hiyo mvua inasifiwa kwa kazi yangu?"

"Ndiyo utafiti ulivyo, fundi. Unamshuku hata rafiki yako."

"Na sasa mtafanya nini?"

"Tutachukua mtaa mwingine unaofanana na huu, tuwaachie vyandarua vya kawaida kwanza, halafu tulinganishe. Tukimaliza, na wao watapata vyenye mlango."

Fundi aliketi, akawasikitikia watu wa mtaa huo kwa dhati. Hata hivyo alikubali kwenda kuwafundisha mafundi wenzake kushona ile milango, kila mmoja apate kazi muda wa majaribio utakapokwisha, na inasemekana aliwasumbua sana kuhusu pindo.

Chandarua cha mwisho kushonwa kilikuwa cha kitanda chake mwenyewe. Mkewe alitaka mlango uwe upande wake, kwa kuwa ndiye anayeamka wa kwanza kwenda kuwasha jiko la shule, na hakutaka kumkanyaga mtu. Fundi alitaka uwe upande wake yeye, kwa sababu ambazo alishindwa kuzitaja. Walibishana jioni nzima, mama mkwe akitoa maoni kutoka chumbani kwake bila kualikwa. Mwishowe fundi alichukua mkasi, akapasua pande zote mbili, akashona milango miwili.

"Sasa tukikosana," alisema mkewe akikikagua, "kila mtu ana njia yake."

"Na tukipatana?"

"Tukipatana tutatokea mlango mmoja," alisema, akazima taa.